Nimeshindwa uenyekiti wa kitongoji, na sasa mshindi anataka daftari langu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi, hapa Dodoma. Miaka yangu ni arobaini kasoro, nimeolewa, nina watoto wanne. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 niligombea uenyekiti wa kitongoji chetu, nikashindwa. Tulipishana kura 41. Sidai kwamba niliibiwa. Wakala wangu alikaa kituoni mpaka kura ya mwisho ikahesabiwa, akasaini, na mimi nilikuwa nje nasikia zinavyosomwa. Nilishindwa kweli. Kinachonitesa ni maisha ya baada ya hapo, kwa sababu watu hawa hawa ndio nitakaoishi nao mpaka nizikwe.

Sikuingia kutafuta cheo. Pampu ya kisima chetu kirefu ilikufa, ikatengenezwa, ikafa tena. Kiangazi kikikolea, wanawake tunarudi korongoni kufukua mchanga. Unafukua mpaka shimo linakufika kiunoni, unakaa humo na kata yako kusubiri maji yajikusanye, unachota kidogo kidogo, na juu yako foleni ya ndoo inakutazama. Binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, alikuwa anafika shule wenzake wameshaingia darasani kwa ajili ya foleni hiyo. Mimi na wenzangu wa kikundi cha hisa tukaanza kufuatilia. Hela ya maji inayokusanywa bombani inakwenda wapi? Fundi aliitwa lini? Risiti anazo nani? Kila tukifika ofisi ya kijiji tunaambiwa hoja hiyo ailete mwenyekiti wa kitongoji. Wenzangu wakasema basi, mwenyekiti uwe wewe.

Kampeni zilikuwa siku saba. Hatukuwa na gari wala spika. Tulikuwa sisi wanawake wa kikundi na vijana wawili wa bodaboda waliojitolea, mimi nikiwawekea mafuta. Tulipita nyumba kwa nyumba, alfajiri kabla watu hawajatoka kwenda kusafisha mashamba, na jioni wakirudi. Nilikuwa na kauntabuku. Kila kaya niliandika jina la mwenyewe na shida yake. Watu walinifungukia, Shangazi. Kuna bibi hana hela ya kulipia hata ndoo moja. Kuna mama anakunywa dawa kila siku na hataki mtu ajue. Kuna mzee ambaye wanawe wako mjini na hawamletei kitu. Kaya nyingi waliniambia, "Kura yetu unayo, mama."

Usiku wa kuamkia kura, watu wa upande wa pili wakapita na sukari na khanga. Na siku yenyewe niliwaona kwa macho yangu watu waliokuja na kadi zao za mpiga kura wakaambiwa majina yao hayamo kwenye orodha, wakarudi nyumbani.

Tangu hapo bombani nakwenda kwa kulazimika. Watu wananisalimia, "Mbukwa, mama mwenyekiti," sijui wananiheshimu au wananicheka. Vikao vya hisa siendi, hela namtuma mtoto. Aliyeniuma kuliko wote ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Mshindi ni mdogo wa mume wake, na matokeo yaliposomwa nilimsikia akipiga vigelegele upande ule. Nataka nimuulize uso kwa uso kama alinipa kura au hakunipa. Mume wangu anasema niyaache, na siasa iishie hapo, kwa sababu hela ya mbegu na mbuzi mmoja viliingia humo. Wale vijana wa bodaboda wanapita nyumbani, "Mama, sasa tunafanya nini?" Nawaambia wanisubiri, na sina cha kuwaambia.

Sasa juzi limetokea jipya. Mwenyekiti aliyeshinda alikuja nyumbani, kistaarabu kabisa, akakaribishwa, akala. Akasema kampeni yangu ilimfumbua macho kuhusu maji, anaomba nimpe lile daftari alifanyie kazi, na niingie kwenye kamati ya maji. Wenzangu wamekasirika. Wanasema nikimpa nitakuwa nimewauza. Kiongozi wa chama chetu hapa kata anasema nisitoe hata ukurasa, nilifungie sandukuni mpaka 2029.

Nimpe au nisimpe? Na je, nigombee tena, au niachane na mambo haya moja kwa moja?

Niliyeshindwa,
Bahi

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kushindwa kwa mgombea ubunge kunasomwa redioni, halafu mwenyewe anarudi zake mjini. Wewe umeshindwa mbele ya watu unaochota nao maji kila asubuhi, hakuna mahali pa kwenda kupumzika macho yao. Naielewa hiyo hamu ya kumtuma mtoto na hela ya hisa.

Nianze na daftari, maana hilo ndilo linasubiri jibu lako wiki hii.

Daftari usimpe. Ila sababu yangu si ile ya kiongozi wako wa chama. Humo ndani kuna mama anayekunywa dawa na hataki mtu ajue. Alikuambia wewe, mmekaa kwenye mkeka wake, akiamini litaishia kwako. Hakuiambia ofisi, hakukiambia chama. Hata kama mwenyekiti mpya ni muungwana, na kwa ulivyomweleza naona ana nia, daftari likiwa mezani kwake litasomwa na mkewe, na watoto, na mgeni aliyekuja kumsubiri. Wiki mbili tu, habari ya dawa za yule mama itakuwa inasimuliwa kilabuni. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile inazozilinda zaidi. Lakini hata kusingekuwa na sheria, wewe mwenyewe unajua lililo sawa. Na kwa sababu hiyo hiyo, kiongozi wako wa kata naye usimpe, wala usimfungulie asome.

Hata hivyo shida ya maji iliyomo humo si siri ya mtu, ni ya kitongoji kizima, na hiyo huna haki ya kuifungia sandukuni. Tuhesabu. Kutoka sasa mpaka uchaguzi wa 2029 kuna viangazi vitano. Binti yako, akijaliwa, atakuwa kidato cha nne. Viangazi vitano vya wanawake kusimama kwenye shimo la mchanga ili chama kipate hoja ya kampeni? Hapana. Wewe uliingia kwa ajili ya shimo lile, kwa maneno yako mwenyewe. Anayekuambia uiache shida iendelee ili ije ikufae baadaye anakutoa kwenye kilichokuingiza.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua karatasi nyingine, kaa na wenzako wawili wanaojua kuandika vizuri, mtoe kwenye daftari yale ya maji peke yake, bila jina la mtu. Kaya ngapi zinategemea kisima kirefu. Ngapi zinarudi korongoni pampu ikifa, na kuanzia mwezi gani. Ndoo inalipiwa shilingi ngapi na nani anapokea. Pampu ilikufa lini mara ya kwanza, lini mara ya pili, fundi alitoka wapi, alilipwa nini. Pale msipojua, andikeni swali. Yule bibi asiye na hela ya ndoo anaingia hapo kama "zipo kaya ambazo haziwezi kulipa, kijiji kiamue zihudumiwe vipi." Jina lake linabaki kwako. Na huyo mzee aliyesahauliwa na wanawe, hilo si la karatasi hata kidogo. Hilo ni la kwenda kumtembelea.

Sasa karatasi hiyo iende wapi? Ulipoambiwa ofisini kwamba hoja ailete mwenyekiti wa kitongoji, uliambiwa nusu ya habari. Ni kweli mwenyekiti wa kitongoji anaingia kwenye halmashauri ya kijiji kwa nafasi yake, anaweza kubeba hoja yenu kule. Lakini juu ya halmashauri ya kijiji kuna mkutano mkuu wa kijiji, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za wilaya, ile ya 1982, inasema mkutano huo ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Haisemi mkazi aliyeshinda. Unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inasomwa mbele ya watu na watu wanauliza. Wewe ulikuwa na haki ya kusimama pale kabla hujagombea, unayo leo, na utakuwa nayo hata usipogombea tena maisha yako yote. Kama kwenu mikutano hiyo imekuwa ikirukwa, basi kuidai ni hoja yenye uzito sawa na pampu.

Jambo moja zaidi, na hapa wengi hupoteza muda kwa kugonga mlango usiohusika. Hela ya bombani kwa kawaida haikai kwa mtendaji wa kijiji. Tangu sheria ya maji ya 2019, huduma ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na kwenye ngazi yenu kuna chombo cha watoa huduma ya maji cha jamii ambacho ndicho kinakusanya, kinatunza na kinalipa mafundi. Maswali yenu ya risiti yaelekee huko, na nakala iende kwa meneja wa RUWASA wa wilaya. Pampu inayokufa, ikatengenezwa, ikafa tena, inataka mtu wa kitaalamu aje aangalie kama tatizo ni pampu, ni umeme au dizeli, au ni kisima chenyewe kimepungua maji. Kijiji peke yake hakiwezi kujua hilo kwa kubishana.

Usingoje ukame ndipo uyaseme haya. Najua sasa hivi mvua imenyesha, madimbwi yamejaa, watu wako kwenye palizi ya mpunga na hakuna anayelia maji. Mvua inasahaulisha. Lakini mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na mipango ya vijiji hupanda kwenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata na halmashauri ya wilaya miezi kadhaa kabla ya hapo. Mkilia mwezi wa tisa, bajeti imeshafungwa kitambo.

Kuhusu kuingia kwenye kamati ya maji, ningekuwa wewe ningekubali, ila si kwa kuteuliwa mkekani kwako baada ya chakula. Mwambie mwenyekiti, kwa heshima ile ile aliyokuja nayo, kwamba umeshukuru, uko tayari kufanya kazi, na unaomba suala hilo lipelekwe mbele ya watumia maji wenyewe ili wao waseme kama wanakutaka. Wakikuchagua pale, hakuna atakayeweza kusema umenunuliwa. Wasipokuchagua, karatasi yako bado inasomwa.

Ila kabla hujamjibu yeye, kaa na wenzako. Umeandika kwamba wamekasirika kwa ajili ya daftari. Mimi naona daftari ni kisingizio tu. Watu hawa walikesha na wewe, waliacha mashamba yao wiki nzima ya Novemba, wakasimama mlangoni kwa watu wakijibiwa vibaya kwa niaba yako. Kura zikahesabiwa, na tangu siku hiyo hawajakaa na wewe hata mara moja. Kisha wanasikia mshindi amekula kwako. Ungekuwa wewe ungejisikiaje?

Waite nyumbani. Sigara na soda hazihitajiki. Songa ugali wa mtama, pika mlenda, wakae wale. Wale vijana wawili waite kwa majina mbele ya wote, waambie umeona walichofanya. Mtu aliyejitolea na asishukuriwe hadharani harudi, na vijana kama hao wa kuacha abiria wao wakabeba kampeni ya mama wa kitongojini ni wachache sana. Halafu waeleze uamuzi wako wa daftari na kwa nini, waonyeshe ile karatasi, wapinge, waongeze. Ikishakuwa yao, wao wenyewe ndio watakaoitetea mkutanoni.

Siku hiyo hiyo, mkishakula, zungumzeni pia namna mlivyoshindwa. Msizungumzie nani alisaliti. Zungumzeni namna. Kura 41 zinasikika nyingi, lakini maana yake ni kwamba watu 21 tu waliokwenda kule wangekuja kwenu, wewe ndiye ungeapishwa. Na kuna wengine ambao hawakwenda kokote, ni wale uliowaona wakirudishwa kituoni na kadi zao mkononi. Hapo ndipo mimi nimesimama zaidi katika barua yako, kuliko kwenye sukari.

Kadi ile ya mpiga kura inatolewa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Ni ya kuchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, ile ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na una orodha yake ya wakazi inayoandikishwa upya pale kitongojini. Kwa uchaguzi wenu uandikishaji ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024. Kampeni zikaanza tarehe 20 Novemba. Ulipokuwa unagonga milango kuomba kura, mwanangu, orodha ilikuwa imefungwa mwezi mzima. Mtu aliyekuambia "kura yetu unayo" huenda hakudanganya hata chembe. Alikuwa na moyo wa kukupa, na hakuwa na kura ya kukupa.

Na fikiria ni akina nani wanaokosa uandikishaji wa Oktoba huko kwenu. Mvua bado, ghala limepungua, vijana wamekwenda Dodoma mjini kutafuta kibarua cha saidia fundi kwenye majengo. Wengine wako na ng'ombe mbali wakifuata maji na majani. Uchaguzi huu umekuwa ukiangukia mwisho wa mwaka: 14 Desemba 2014, 24 Novemba 2019, 27 Novemba 2024. Mara zote umewakuta watu wa Dodoma katika miezi ambayo hawatulii nyumbani. Wenye mtandao mkubwa wanalijua hili, ndiyo maana wanahimiza watu wao kujiandikisha, kimya kimya, wakati wengine bado wanatafuta fomu. Kampeni ya nyumba kwa nyumba kama yenu ingekuwa na nguvu maradufu Oktoba, mlango mmoja na swali moja: umejiandikisha? Na swali hilo unaweza kumuuliza kila mtu, hata yule usiyejua atakupa wewe au nani. Kuandikisha jirani ni kazi njema hata akikunyima.

Pitieni lile daftari pamoja, bila kusoma shida za watu, kaya kwa kaya, mkumbuke ni akina nani waliorudishwa. Wale vijana wanajua kila njia na kila aliyesafiri. Muwe na picha ya kweli, maana kwa sasa mnabeba picha ya usaliti, na nahisi si ya kweli.

Sukari na khanga. Sitasema ni jambo dogo. Mahakama Kuu ilifuta takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2006, ikaona kwamba inamnyima mgombea asiye na kitu haki ya kusimama sawa na mwenye nacho. Karibu miaka ishirini baadaye bado watu wanapita usiku na viroba. Inauma, na una haki ya kukasirika na waliogawa. Ila usiwakasirikie waliopokea. Mwisho wa Novemba, nyumba yenye watoto, akiba imekwisha, mvua haijatulia, mtu anagonga na kilo ya sukari. Atakataa vipi? Na aliyepokea hakulazimika kulipa. Ndani ya kituo yuko yeye na karatasi tu. Huenda kati ya waliokupa wewe kura wamo walioinywa chai ya sukari ile asubuhi yake.

Hilo linanifikisha kwa wifi. Usimuulize.

Kura yake ni siri yake, na siri hiyo ndiyo ilikulinda hata wewe, maana wapo waliokupa kura ambao wasingethubutu kama ingekuwa inaonekana. Wifi yako anaamka na kulala kwenye kaya ya mshindi. Mkwe wake yuko pale, mumewe yuko pale. Shemeji yake ametangazwa, watu wote wanashangilia, yeye afanye nini? Anyamaze peke yake, wamtazame? Vigelegele vile havikuambii alichotia alama ya vema. Ukimuuliza, ama atakuambia alikunyima, na mtabeba hilo kwenye kila msiba na kila harusi ya ukoo, ama atakuambia alikupa, na hutamwamini. Hakuna jibu litakalokupoza. Lakini ana kitu ambacho wewe huna: anaingia na kutoka kwenye nyumba ya mwenyekiti bila hodi. Siku mkitaka mkutano uitishwe na mwenyekiti akasuasua, wifi ndiye atamkumbusha akimpelekea chakula. Mtembelee, mpelekee watoto wamwamkie shangazi yao, mzungumze ya mpunga.

Kwa mume wako sina mengi. Hela ya mbegu na mbuzi ni mali ya nyumba, ana haki ya kuhesabiwa. Kaa naye mkiwa wawili, mwambie kilichotumika kimoja kimoja, mwambie mpango wa kukirudisha. Usimuombe ruhusa ya 2029, ni mapema mno. Mwambie tu kwamba suala la maji unaendelea nalo. Aliyekaa na watoto wiki nzima ukiwa milangoni kwa watu naye alifanya kampeni, na nadhani hakuna aliyemwambia hivyo.

Kiongozi wa chama naye umpe heshima yake. Kwa sheria zetu hakuna mgombea asiye na chama, hata wa kitongoji, kwa hiyo walikudhamini na wewe ukabeba jina lao. Nenda kwake mwenyewe, asisikie kwa watu. Mwambie utapeleka hoja ya maji kwenye mkutano mkuu kama mkazi, na kwamba daftari halitoki kwa yeyote. Akikasirika, mwache akasirike, ila awe amesikia kwako.

Umeuliza kama ugombee tena. Mwaka huu usiamue. Moyo bado una kidonda, na uamuzi wa sasa, wa ndiyo au wa hapana, utakuwa wa kidonda. Ila nakuomba uwe na jambo moja akilini: uongozi wa kijiji una milango mingi kuliko kiti kile kimoja. Kuna ujumbe wa halmashauri ya kijiji, zikiwemo nafasi za wanawake. Kuna kamati za halmashauri hiyo, kuna kamati ya shule, kuna hicho chombo cha maji. Ukifanya kazi ya maji miaka miwili mitatu, utajua mwenyewe kama unakitaka kiti, na watu nao watakuwa wamekuona ukiwa na kazi mkononi. Wengi wanaogombea wanaonekana Novemba tu.

Na hao wanaokuita "mama mwenyekiti" bombani, waitikie. Mbukwa, habari za nyumbani, mtoto ameponaje? Wanaokuheshimu watafurahi, wanaokucheka watachoka. Kikao cha hisa kijacho uende mwenyewe na hela yako.

Karatasi ya maji ikishakubaliwa na wenzako, iandikeni nakala tatu kwa kalamu ya wino, mtie tarehe na sahihi zenu wote, yako isiwe peke yake. Moja mpelekee mtendaji wa kijiji ili iingie kwenye ajenda za mkutano mkuu, na umwombe mwenyekiti wa kitongoji muongozane. Ya pili ni ya meneja wa RUWASA wilayani. Ya tatu agonge mtendaji muhuri wa kupokea na aandike tarehe juu yake, hiyo ubaki nayo wewe. Mkutano usipoitishwa ndani ya miezi mitatu tangu tarehe hiyo, utakwenda nayo kwa mtendaji wa kata. Na uniandikie.

Shangazi